Kifaru Kilichoitwa Panya

Baba aliletwa kwangu Mlandege, Iringa, kwa gari la kukodi kutoka Mgololo, amelazwa kiti cha nyuma, mkono wa kulia umejikunja kifuani. Kaka yangu ndiye aliyepanga yote kwa simu akiwa Mbeya. Tulikuwa wawili tu, yeye na mimi. Alisema nyumba yake ina ngazi, yangu haina. Yeye ana watoto wadogo, mimi sina. Mke wake anafanya kazi, mimi nipo tu nyumbani. Chumba cha mbele cha hiyo nyumba nilikuwa nimekigeuza saluni, na nilisimama humo kutwa nikisuka, nikiosha vichwa na kupaka kucha. Lakini kwa hesabu za ukoo wetu hiyo haikuwa kazi.

Tulimshusha, mimi na dereva, tukamshika huku na huku. Baba akasimama kwanza mlangoni. Akatazama zile kucha za bandia nilizozipanga dirishani kwa rangi zake zote. Kiharusi kilikuwa kimempinda mdomo, ila ulimi kiliuacha salama.

"Kwa hiyo nimekuja kufia kwenye duka la kucha," alisema.

Nikamwambia, "Karibu, baba."

Maisha yake yote ya kazi alikuwa fundi fitta, wa kufunga na kurekebisha mitambo, kwenye kiwanda cha karatasi. Kazini walimheshimu. Nyumbani tulijifunza kutambua mlio wa buti zake kokotoni, na kila mmoja akatafuta cha kushika mkononi ili asikutwe amekaa. Hakuwa mpigaji sana. Alikuwa mtu wa kusema. Alikutafuta mahali pako palipo laini, akalihifadhi neno, akakusubiri. Ndoa yangu ilipovunjika nikarudi na sanduku moja, nilimkuta barazani akinywa chai. Hakuniuliza kilichotokea. Alisema, "Wamekurudisha kama chupa ya soda. Tena chupa ina nafuu, wanaijaza upya." Sikuwa nimepata mtoto, na alijua kwamba ni hilo lililonirudisha. Mama alikuwa hai bado. Alisimama nyuma yake na birika, akainamisha uso. Mama alipofariki, madaktari walisema ni presha. Sikuwabishia.

Sasa ikawa ni mimi ninayemwogesha mtu huyo, ninayemlisha uji kwa kijiko, ninayemfunga vifungo. Alichukia kila hatua. Uji ulikuwa mzito, mara mwepesi. Maji yalikuwa ya kuchemshia kuku. Nilipomgeuza kitandani aliniuliza kama hivyo ndivyo nilivyomgeuza mume wangu mpaka akachoka.

Kilichomtuliza ni simu yangu. Nilimwegeshea kwenye kopo la unga, akawa anatazama video za mashine. Alianza na tingatinga na mitambo ya umeme, kisha simu yenyewe ikamtoa huko ikampeleka kwenye vifaru vya vita ya pili ya dunia, na huko akatua kwenye kimoja. Wajerumani walikiita Panya. Alikitazama hicho asubuhi, akakitazama tena jioni, mpaka na mimi nikiwa saluni nasuka nikaujua mlio wa muziki wa ile video.

Akawa ananisimulia nikimwogesha. Ni saa pekee ambazo hakunitukana, nadhani kwa sababu alikuwa amesahau anazungumza na nani.

"Vifaru vizuri walikuwa navyo," alisema. "Lakini mkubwa wao hatosheki. Wanamchorea, anasema ongezeni chuma. Wanaongeza chuma, anasema ongezeni mzinga. Mwanzo walikipa jina la yule tembo wa kale mwenye manyoya. Baadaye wakakiita Kipanya. Mwisho Panya. Unajua uzito wake? Zaidi ya tani mia na themanini. Panya!"

Alicheka mpaka povu la sabuni likamwingia mdomoni.

"Wakatengeneza kwanza cha mbao, ukubwa wake kamili, ili mkubwa akione. Akaja, akakizunguka. Unajua alisema nini? Eti mzinga unaonekana wa kuchezea watoto. Uwekwe mkubwa zaidi."

"Wakaweka?"

"Nyamaza nikusimulie. Injini yake inazungusha jenereta, jenereta inatoa umeme, umeme ndio unavuta cheni. Sasa daraja gani litabeba tani hizo? Hakuna. Wakasema, basi, mtoni kipite chini ya maji. Kivute hewa kwa bomba, na kifaru kingine kibaki ng'ambo kikipelekee umeme kwa kebo. Umeme! Chini ya maji!" Akatikisa kichwa kama mtu anayemsimulia rafiki aliyepotea. "Vilitengenezwa viwili, na kimoja tu ndicho kilichokamilika. Adui alipokaribia, wakavilipua wenyewe. Warusi wakaokota bodi ya kimoja na kichwa cha kingine, wakaunga. Kipo makumbusho kwao mpaka leo."

"Hakikupigana kabisa?"

"Hata siku moja."

"Sasa baba, unakipendea nini?"

Uso wake ukajifunga. "Lete taulo," alisema.

Baba mdogo alikuja kumjulia hali kutoka Ilula, na tenga la nyanya kichwani. Ni mtu mpole, mzee wa Usharika kwao, na alimpenda kaka yake kwa namna ya mtu aliyezoea kuchapwa na anayempenda. Alisalimia, "Kamwene," akakaa ukingoni mwa kitanda, wakatazama ile video pamoja. Baada ya muda akasema taratibu, "Kaka, Wajerumani hawa si ndio waliotuchomea nyumba? Bibi alikuwa anatusimulia. Wahehe tulivyokimbia porini na watoto."

Baba hakugeuka. "Walituchomea kwa sababu wao walikuwa na watu wa kutengeneza mashine," alisema, "na sisi tulikuwa na watu kama wewe."

Baba mdogo aliendelea kutazama simu kidogo, akapapasa kofia yake gotini, kisha akasema basi la Ilula halisubiri. Nilimkimbilia na chakula nimekifunga kwenye mfuko. Akakipokea, akanishukuru sana, akasema nisijali, mgonjwa ni mgonjwa. Hakurudi tena mpaka tulipomwita kwa mazishi.

Kipindi cha baridi kali, kaka alituma boksi kwa basi. Yeye ana duka la spea Mbalizi, nje kidogo ya Mbeya, karibu na nyumbani kwake, na mzigo wake unatoka China. Baba alimpigia kila Jumapili kwa simu yangu, akaniamuru nirudishe mlango, na humo alikuwa amemsimulia Panya, naye akamwagiza mtu wake kule amtafutie. Nililichukua stendi bila kujua ni nini. Baba alipoifungua karatasi akaona picha ya kifaru juu ya kifuniko, akalikumbatia boksi kwa mkono mmoja. Alilia kwa sauti. Wateja wawili waliokuwa na dawa kichwani walikuja mlangoni kutazama.

"Huyu ndiye mtoto," alisema. "Mnaona? Huyu ndiye mtoto."

Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika kitambaa cha kumfuta kamasi.

Ndani ya boksi mlikuwa na fremu za plastiki, na kila fremu imeshikilia vipande vingi kama matawi yanavyoshika matunda: magurudumu, mabamba, ndoano, vifuniko, na mamia ya vipande vidogo vya cheni. Ukiviunga vyote kwa mpangilio unapata Panya mwenyewe, aliyepunguzwa mara thelathini na tano, mwenye urefu wa kama mkono kutoka kiwiko. Baba alilala na boksi hilo miguuni. Asubuhi akaniambia nimkalishe mezani nimwache peke yake.

Nilimwacha. Nikiwa saluni nikasikia kitu kinaanguka, kisha kimya, kisha kinaanguka tena. Nilipochungulia, alikuwa anajaribu kukata kipande kwa mkono wa kushoto huku fremu ameiuma kwa meno. Mzinga mdogo, ule unaokaa ubavuni mwa mkubwa, ulikuwa umevunjika vipande viwili juu ya meza. Aliutazama kwa muda mrefu. Mate yalikuwa yanamtoka upande ule wa mdomo usiofunga.

"Lete vidude vyako," alisema.

"Vidude gani, baba?"

"Vile unavyowachongea malaya kucha."

Wateja wangu walikuwa wanakwaya, karani wa benki, maharusi, mama mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa mtaa wa juu. Nilileta kibano, vikata kucha, tupa za karatasi, brashi zile nyembamba za kuchorea maua. Nikaunga kwanza ule mzinga uliovunjika. Nikausugua mpaka mahali pa kuvunjikia hapakuonekana. Baba aliusogeza machoni, akauelekeza dirishani kwenye mwanga, akauzungusha.

"Fuata wa pili," alisema.

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Kila asubuhi, kabla sijafungua saluni, niliwasha taa nyeupe juu ya meza ya kucha, nikamsogeza na kiti chake, tukafanya kazi. Yeye alisoma mchoro, mimi nilikata, nikasugua, nikagundisha. Mkono wake mzima ulishika mwiko. Nikikosea, aliushusha kwenye vifundo vya vidole vyangu. Haukuwa na nguvu ya kuvunja kitu. Ulikuwa na nguvu ya kutosha, na asubuhi za Iringa kipindi kile vidole vinakuwa tayari vimekufa kwa baridi.

Na niseme ukweli mwingine: niliipenda ile kazi. Mikono yangu iliipenda. Kuna vishikizo vya ngazi vidogo kuliko punje ya mchele, na unapokiachia kimoja kutoka kwenye kibano kikakaa mahali pake sawasawa, kuna raha fulani mgongoni. Niliona jinsi bodi ilivyozidi kujifunga, bamba juu ya bamba, mpaka ikawa kama nyumba isiyo na dirisha. Kuna asubuhi nilisahau kwamba yupo. Nadhani na yeye alilijua hilo, kwa sababu hapo ndipo alipokuwa anasema kitu.

"Mama yako alikuwa na mikono hiyo hiyo," alisema asubuhi mojawapo. Nilisubiri, mjinga mimi, nikidhani ananipa kitu. "Yake angalau ilifua."

Cheni ilituchukua muda kuliko kingine chochote. Kila kipande ulikikata peke yake, ukakisugua, ukakiunga na mwenzake. Nilipomaliza upande wa kwanza nikaufunga kuzunguka magurudumu, ukakaa vizuri, umelegea kidogo kwa juu kama cheni ya kweli inavyolegea. Siku hiyo nilikuwa na bibi harusi, ameketi mikono yake ikiwa ndani ya bakuli la maji ya vuguvugu, shangazi yake pembeni. Baba alinyanyua kifaru kwenye mwanga.

"Kuna kipande kimegeuka," alisema.

"Kipi, baba?"

"Tafuta."

Nilitafuta. Sikukiona. Nikamwambia aninyooshee kidole nikibadilishe hicho kimoja.

"Fumua yote."

"Baba, nina mteja."

"Fumua yote uanze upya. Au na hii utasema mwanaume ndiye aliyekosea?"

Shangazi wa bibi harusi akatazama sakafu. Nilikaa. Nikaifumua cheni, kipande kwa kipande, mbele yao, na gundi ilikuwa imekauka hivyo vingine vilivunjika na ikabidi niviunge tena. Bibi harusi alibaki na mikono ndani ya maji mpaka yakapoa. Aliogopa kuitoa. Baba alihesabu vipande vikitoka, kwa sauti ndogo, kama mtu anayehesabu mbuzi wake wakiingia zizini. Sikukiona kile kilichogeuka. Mpaka leo sijui kama kilikuwapo.

Nilipomsindikiza yule shangazi mlangoni alinishika mkono. "Dada, huyo mzee mpeleke kwa kaka yako," alisema. "Atakuua."

Nilimpigia kaka jioni hiyo. Nilimwambia nimechoka. Nikasikia redio ya dukani kwake na mtu anauliza bei ya fani belti. "Vumilia, dada," alisema. "Wewe anakusikiliza." Nilicheka, kwa sababu nilidhani ananitania.

Rangi ilikuwa vita yake peke yake. Nilitaka kutumia rangi ya kucha, ninazo za kila aina. Baba aliniacha niijaribu, hakunizuia. Nilipaka kwenye kipande cha fremu kilichobaki na plastiki ikaanza kulainika na kukunjamana mbele ya macho yangu. Alikuwa amejua. Alitaka tu kuona kama ningeijaribu kwanza pembeni au ningeipaka moja kwa moja kwenye kifaru.

"Leo umetumia akili," alisema. "Tuandike kwenye kalenda."

Tukapata rangi kwa fundi anayepulizia magari: njano ya vumbi, kahawia nyekundu, kijani. Nilichanganya kwenye vifuniko vya mafuta ya nywele. Nilipaka njano kwanza, kisha mabaka, kwa brashi ya maua. Ndani ya boksi mlikuwa na karatasi ya alama za kubandika, misalaba ya jeshi la Wajerumani na namba. Niliiloweka kwenye maji kama mchoro ulivyosema. Baba akaimwaga kwa kiwiko.

"Hapana. Alama wanawekewa waliopigana."

Kilipokamilika kiliwekwa juu ya kabati la televisheni. Kilikuwa kizuri. Sijui neno jingine. Watu waliingia kusukwa, wakaomba kukiona, wakanyoosha kidole bila kugusa. Baba aliketi chini yake kama mlinzi. Nilisubiri aseme kitu. Nilijichukia kwa kusubiri, nikaendelea kusubiri.

Krismasi kaka alikuja na familia yake. Siku ya pili wazee wa kanisa walikuja kumpa mgonjwa meza ya Bwana na kumwombea, sebule ikajaa. Baada ya sala mzee mmoja akasimama, akakisogelea kifaru, akavaa miwani.

"Hiki nacho?" aliuliza. "Mmekinunua wapi?"

"Hakijanunuliwa," baba alisema. Alijinyanyua kidogo kitini. "Tumekitengeneza. Mimi na kijana wangu huyo."

Wote wakamgeukia kaka. Walimpa mkono. Mmoja alisema damu ya ufundi haipotei. Kaka alitazama chini, akatabasamu tabasamu la mtu aliyebanwa na kiatu, hakusema ndiyo wala hapana. Mimi nilikuwa nimesimama na sinia la chai. Gundi ilikuwa bado kwenye ukucha wa kidole changu cha shahada, ile isiyotoka.

"Baba," nilisema, "nani alikata vile vipande?"

Wifi yangu, mke wa kaka, akanitolea macho kunisihi.

"Wewe ulishika," baba alisema, bila hasira, kama anayemfafanulia mtoto. "Kushika siyo kutengeneza. Hata meza ilishika."

Mzee mmoja alicheka, wengine wakafuata, kwa sababu ilisemwa vizuri. Niligawa chai. Sikumwaga hata tone, ni kitu ninachojivunia.

Walipokuwa wanarudi Mbeya baba aliamuru kaka aondoke nacho, na kaka akaahidi kukiweka sebuleni kwake. Mimi ndiye niliyekifungasha. Nilikizungushia pamba ya saluni, nikakifunga taulo mbili, nikakiweka kwenye lile boksi lake na kuandika JUU kwa kalamu nyekundu. Kaka alisimama mlangoni akinitazama. Nilidhani atasema kitu. Alisema barabara ina matuta mengi hapo Makambako.

Baada ya hapo baba aliisha haraka. Hakutaka tena video. Mvua za masika zilipoanza, kiharusi cha pili kilimshika akiwa mezani, na hospitali wakamkalisha siku chache wakanirudishia. Nilimpigia kaka, akasema anafunga mahesabu ya mzigo, anakuja. Nikampigia tena. Anakuja.

Baba alikuwa anapotea na kurudi. Mchana mmoja, mvua ikipiga bati kiasi kwamba ilibidi niinamie mdomo wake, alifumbua macho akayatuliza usoni kwangu.

"Kijana amefika?"

Ningeweza kusema yuko Mafinga, anakaribia. Manesi husema hivyo. Lakini sikuwahi kumdanganya baba, na sikuona kwa nini nianze.

"Hajatoka Mbeya, baba."

Alifikiri hilo. Alinitazama, kwa akili timamu kabisa, naapa.

"Basi wewe unafanya nini hapa?" aliuliza.

Alifariki usiku huo. Hakusema jingine.

Tulimzika kijijini kwao. Kaka alisoma wasifu wa marehemu kwa sauti nzuri, amevaa suti, na humo kulikuwa na mstari kuhusu kifaru: kwamba hata katika ugonjwa marehemu aliendelea na ufundi, akatengeneza mfano wa kifaru cha vita akishirikiana na mwanawe. Baba mdogo, aliyekaa karibu nami, aliniwekea mkono begani akauacha hapo. Nadhani yeye alijua.

Miezi michache baadaye nilipeleka Mbalizi sehemu ya kaka katika vitu vya baba: saa, ovaroli, spana zake za zamani. Nilifika alasiri. Wifi alinipokea, akanikalisha, akaenda jikoni. Nje uani mtoto wa kike wa kaka, mdogo, alikuwa anakokota kitu kwa kamba ya kiatu kwenye matope. Ilinichukua muda kukitambua. Mzinga mkubwa haukuwapo. Cheni ya upande mmoja ilikuwa imekwisha kabisa, na magurudumu mengine yalikuwa yamejaa udongo mwekundu. Ule mzinga mdogo niliouunga kwa mara ya kwanza ulikuwa bado umeshika.

Kaka aliporudi kutoka dukani alinikuta nimesimama dirishani.

"Uliahidi utakiweka sebuleni," nilisema.

"Niliwapa watoto kusudi."

Nilimgeukia. Sikuwa nimewahi kumwona kaka na uso ule. Alikaa, akavua kofia.

"Unadhani alikuwa ananipigia simu kuniambia nini kila Jumapili?" aliuliza. "Kukuhusu wewe. Eti mikono kama yako haijapata kuonekana pale kiwandani. Eti umeunga mzinga uliovunjika, yeye mwenyewe hajaona mahali ulipovunjikia. Eti cheni umeifumua na kuisuka upya bila neno, na mimi ningelia. Aliniambia Mungu alikosea, uanaume aliupeleka kwako, mimi akanipa duka la kuuzia vyuma wanavyotengeneza wengine." Alijifuta uso kwa kiganja. "Ningekujaje huko? Nije nikae chini ya kile kidude nisikilize? Halafu Krismasi mbele za watu anasema nimekitengeneza mimi. Alikuwa ananitazama mimi, dada, siyo wewe. Alitaka kuona kama nitakubali kubeba kisichokuwa changu. Nikabeba."

Niliketi. Nilijaribu kuona furaha iko wapi katika maneno hayo, maana nilikuwa nimeyasubiri tangu nikiwa mtoto. Yalikuwepo, basi. Alikuwa nayo mdomoni kila Jumapili, chumba kimoja tu kutoka kwangu, mlango umerudishwa. Aliyapeleka Mbeya kwa sababu huko ndiko yangeumiza. Kwangu yangenilisha, ndiyo maana hakuyaacha huku.

"Mbona hukuniambia?" nilimuuliza.

Kaka alinitazama kama nimeuliza jambo la kijinga. "Nikuambie wewe?" alisema. "Ili iweje?"

Nilielewa kwamba hata sasa kaka hakuwa ananipa. Alikuwa ananirushia.

Wifi akaita chakula, na kaka akaenda kunawa. Mtoto aliingia kutoka uani, miguu imejaa matope, kamba mkononi, kifaru kikigonga kizingiti. Alikiinua akaniwekea mapajani, kikanichafua gauni. Alinionyesha ule upande usio na cheni.

"Shangazi," aliuliza, "unaweza kukitengeneza?"

Nilikitazama. Nilijua kila kipande kilipokaa.

"Siwezi," nilimwambia.

Aliniamini. Alikishusha chini, akakivuta kuelekea nje, na nikasikia kikishuka ngazi moja moja mpaka uani.